Mpiga Mbiu wa Tumboni

Njia ya kwendea Uwiliwili sitaieleza, kwa kuwa kila msomaji anayo yake, na wengi wameipita mara nyingi wasiiangalie. Nitakayoeleza ni yale niliyoyaona katika miezi minne niliyokaa huko, wilayani Tumboni na mitaa iliyo chini yake. Kwa kazi nilikuwa bwana afya. Miaka thelathini na mmoja nilikagua machinjio, mikahawa na vyoo vya stendi, na kazi hiyo ilinifundisha kuandika nilichokikuta, hata mwenye mkahawa anaponitazama kwa macho ya kuniomba nisikione.

Tumboni ni mji wenye watu wengi na kazi moja. Chakula huteremka kutoka lango la juu liitwalo Koo. Wao hukipokea, hukilainisha, kisha hukipitisha kwenda mitaa ya chini, ambako hugawiwa nchi nzima. Kuta za mji ni laini na huchakaa upesi. Nyumba iliyojengwa wiki hii, wiki ijayo imekwisha. Kwa hiyo karibu kila raia ni mwashi, na kila mwashi ana siku zake. Siku zikitimia huweka mwiko chini, huita jirani zake, huketi mlangoni kwake na kuondoka bila makelele, na mwashi mpya hushika nafasi yake. Desturi hii wanaiita kuaga. Mara ya kwanza nilipoiona ilinitia huzuni. Baadaye niliona kuwa ndiyo desturi pekee ya nchi ile iliyotungwa na mtu mwenye akili timamu.

Anayeamsha kazi hiyo yote ni mpiga mbiu. Wakati wangu alikuwa Mzee Pambe, mtu mfupi mwenye kifua kipana, aliyesimama kwenye kibaraza mwisho wa mji. Chakula kikishuka, hupuliza pembe na kutangaza: "Mwageni siki! Tengenezeni ukuta!" Siki ni yale maji makali wanayoyeyushia chakula. Ikishajaa hutiririka mpaka kibarazani, humchoma mzee miguu, naye hunyamaza. Utaratibu wote ulikuwa huo. Haukuwa na kamati wala semina elekezi, na nadhani ndiyo maana ulifanya kazi.

Kasoro ilianzia Kifuani. Waheshimiwa wanaoishi huko juu walilalamika kwamba mvuke wa siki unawapandia wakiwa mezani. Hakuna aliyewauliza wanakula nini na kwa kiasi gani. Katika Uwiliwili swali hilo ni utovu wa adabu. Baraza la Liwali Mwinyihatibu lilikaa siku tatu likatoa Sheria ya Chokaa: baada ya kila mlo magunia ya chokaa yamwagwe kwenye siki. Siki ikapoa. Waheshimiwa wakatuma salamu za shukrani. Naye Mzee Pambe, ambaye miguu yake haikuungua tena, hakunyamaza.

Nilimwendea mchana mmoja, chakula kikiwa kimekwisha kitambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Afya. Tengenezeni ukuta! Karibu, sogea."

"Mzee, mbona bado unaita? Hakuna kitu kilichoshuka tangu asubuhi."

"Miguu haijaungua."

"Lakini unaona mwenyewe kwamba hakuna chakula."

"Mimi sikuwekwa hapa nione," alinijibu, na hakujibu kwa ukali. "Nimewekwa niite mpaka niungue. Anayetaka ninyamaze aniletee siki." Akameza mate kwa taabu. "Na koo linaniuma, mwanangu. Usidhani haliniumi."

Niliandika hayo daftarini, na jioni nikamsomea mwenyeji wangu. Huyo alikuwa Bi Mwanamkasi, mkaguzi wa kuta, mwanamke mrefu wa makamo aliyetembea na ufito wenye alama za kupimia unene wa ukuta. Wakaguzi, kwa kuwa si waashi, huishi muda mrefu kuliko raia wengine, na pengine ndiyo sababu hawapendwi.

"Mbiu ya Pambe inasikika mji mzima," aliniambia. "Kuta zimenenepa kidogo, basi. Mimi nimezipima. Kelele peke yake haijaangusha mtu. Lakini kuna mahali inakosikika vingine. Kesho twende Chango."

Mtaa wa Chango uko chini sana, ambako njia ya chakula inapinda. Tulipokaribia, njia ilianza kuwa nyembamba, kisha tukalazimika kupita upande upande kama watu wanaopishana na kabati. Nyumba zilikuwa zimejengwa juu ya nyumba, na nyingine zimeota ubavuni mwa nyumba zikaning'inia katikati ya barabara. Hakukuwa na mstari ulionyooka. Watu walikuwa wakipandisha matofali bila kutazamana.

Kisha nikaona masikio yao. Raia wa kawaida wa Uwiliwili ana mawili. Hawa walikuwa na manne, sita, mengine mabegani, mengine vifuani, yote yameelekea juu kule anakoita Pambe.

Mkubwa wa mtaa alikuwa Bwana Sudi Panuka. Alitupokea kwa ukarimu na kutukalisha juu ya ukuta, kwa sababu viti vilikuwa vimejengewa ndani yake.

"Mzee Pambe amesema tutengeneze ukuta," Bi Mwanamkasi alimwambia. "Hajasema mjenge barabarani."

"Sisi tumesikia 'jengeni'."

"Hilo neno halimo katika mbiu."

"Labda wewe una masikio machache, Bi Mkaguzi," alisema Sudi kwa huruma ya kweli.

Niliuliza mwashi wao wa mwisho aliaga lini. Waliokuwa karibu walicheka. Sudi alinieleza kuwa kuaga ni mila ya watu waliokata tamaa. Babu yake yupo, baba wa babu yake yupo, na wiki ile ile baba wa babu alikuwa ameomba kiwanja.

Wakati tukiondoka, mwashi mmoja aliyekuwa ghorofa ya tano aliacha kazi kwa kitambo akapunga mkono. "Dada!" aliita. Bi Mwanamkasi alimwitikia, akainamisha kichwa, akaendelea kutembea mpaka tulipotoka mtaani. Ndipo aliponiambia kwamba yule ni mdogo wake, Kombo, aliyehamia Chango kufuata kazi, na kwamba alipohama alikuwa na masikio mawili.

Aliandika taarifa siku hiyo hiyo. Aliomba mambo mawili: masikio ya ziada yazibwe kwa nta, na nyumba zilizoingia barabarani zivunjwe. Baraza lilichelewa kumjibu kwa sababu lilikuwa katika maandalizi ya sherehe, na sherehe yenyewe ilikuwa ya kuutunuku Mtaa wa Chango ngao ya maendeleo. Nilihudhuria. Liwali alisema kwamba wakati mitaa mingine imeridhika kubaki ilivyokuwa enzi za mababu, Chango imekua mara nane. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyesema kwamba ngao ilibidi ipitishwe dirishani kwa kuwa mlango wa mtaa ulikuwa umezibwa kwa matofali.

Taarifa ya Bi Mwanamkasi ilisomwa chakula kilipoanza kurudi juu. Mlo wa Jumatatu ulikwama Chango, wa Jumanne ukaja ukaulalia, na kufikia Alhamisi waheshimiwa wa Kifuani walipandiwa na kitu kizito kuliko mvuke. Baraza likaitwa haraka. Haraka, kwa kipimo cha huko, ni siku tisa.

Mjadala ule niliuandika wote, ila nitamhurumia msomaji. Asubuhi nzima ilikwenda katika swali kama nyumba iliyojaza barabara ni nyumba au ni barabara, maana kila moja ina idara yake. Kisha akaitwa Afande Mzuzuri, mkuu wa Askari Weupe, ambao kazi yao ni kukamata kila mgeni anayeingia nchini. Aliulizwa kwa nini hajawakamata watu wa Chango.

"Tulifika huko, waheshimiwa," alisema akiwa amesimama wima. "Tukawakagua. Wana vitambulisho vyetu, wanasema lugha yetu, wamezaliwa hapa hapa. Kisheria ni sisi."

"Na masikio?"

"Fomu haina sehemu ya masikio."

Bi Mwanamkasi alipewa nafasi ya mwisho, watu wakiwa wamekwisha kunusa chakula cha mchana. Alisema kwa ufupi. Mpiga mbiu apunguziwe kazi kwa kufuta Sheria ya Chokaa, lakini tatizo liko Chango na litatibiwa Chango. "Mkimfunga Pambe mdomo," alisema, "mtaufunga mji wote mdomo, nao wa Chango hawatasikia tofauti."

Liwali alimshukuru kwa mchango wake mzuri. Kisha baraza likaamua, kwa kauli moja, Mzee Pambe afungwe mdomo.

Walimfunga kwa kitambaa, kibarazani pale pale, na pembe yake ikachukuliwa kuwa kidhibiti. Mzee hakupinga. Aliniangalia tu, na nilipomsogelea nikaona machozi. Sikujua kama ni ya uchungu au ya kupumzika.

Siku zilizofuata Tumboni ilinyamaza. Chakula kiliteremka kikakaa. Hakuna aliyemwaga siki, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa. Waashi walikaa vibarazani na miko yao magotini huku kuta zikichakaa mpaka mwanga ukapenya. Njaa ilianza katika nchi iliyojaa chakula. Liwali alitangaza kuwa utulivu umerejea.

Chango walikuwa wakijenga.

Tulikwenda kuona, mimi na Bi Mwanamkasi, tukitambaa mahali tulipokuwa tumepita wima. Tulisikia mbiu kabla hatujafika. Haikuwa sauti ya Pambe. Nieleze hapa kwamba mbiu halali ya Uwiliwili, kabla haijatangazwa, hupitia kwa makarani wanaoikata maneno ya ziada na kuipiga muhuri. Isiyo na muhuri si amri. Tuliyoisikia ilikuwa mbichi, ndefu, haina kichwa wala mwisho: "Enyi wa hapa na wa pale jengeni kwa kuwa jengeni na kwa ajili ya na jengeni na..." Ilitoka kila nyumba. Tulimkuta Sudi Panuka ameketi anatangaza kwa kinywa chake mwenyewe, na kila neno likitoka masikio yake sita yanasimama.

"Umesikia?" alituambia kwa furaha. "Tumeamriwa."

"Na nani, Bwana Sudi?" niliuliza.

"Na mbiu."

"Anayeipiga ni wewe."

Alifikiri kidogo, nami nikadhani neno limemwingia. "Mimi husikia tu," alisema.

"Haina muhuri hii," alisema Bi Mwanamkasi. "Haijakatwa hata. Sentensi haijaisha."

"Ndiyo uzuri wake. Ikiisha si itabidi tuache?"

Bi Mwanamkasi hakubishana naye tena. Kwa muda mrefu alikuwa akikusanya nta kidogo kidogo, kwa kuwa bohari ya baraza ilimnyima, ikisema nta ni ya mihuri. Alikuwa ameifunga katika pindo la kanga. Akaniomba nimshikie ufito, akapanda ghorofa kwa ghorofa mpaka kwa Kombo. Nilimfuata kwa sababu sikujua la kufanya jingine.

"Karibu, dada. Usikanyage hapo, nimeweka msingi."

"Msingi juu ya paa?"

"Wa nyumba inayofuata." Alikuwa hasimami. Alipaka udongo, akaweka tofali, akapaka tena. Vidole vyake vilikuwa vimelika hadi karibu na mfupa.

"Kombo, wale uliofundwa nao uashi wako wapi?"

"Sijui. Wako mahali."

"Wameaga. Wote. Na waliokuja baada yao, na waliokuja baada ya hao."

"Poleni," alisema, akaweka tofali.

"Nyumba hii atakaa nani?"

Alisimama kwa mara ya kwanza. Alitazama ukuta alioujenga kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ya watu. Kisha toka chini ikaja ile sauti isiyoisha, masikio yakasimama, na mkono wake ukaenda tena kwenye tofali. Lakini macho yalibaki kwa dada yake. "Siwezi kuacha," alisema kwa sauti ndogo. "Nikitaka kuacha nasikia."

"Niruhusu nizibe ya ziada. Mawili ya kuzaliwa nitakuachia."

"Wataniona msaliti."

"Hawatakuona. Hebu watazame, Kombo. Yuko anayekutazama?"

Hakuwepo. Kombo alipiga magoti mbele ya dada yake. Bi Mwanamkasi alilainisha nta kwa viganja, akaziba la bega la kulia, la kushoto, kisha ya kifuani. La mwisho lilipozibwa Kombo alishtuka, akashika ukuta kwa mikono miwili.

"Kuna nini?" niliuliza.

"Kimya," alisema. "Kumbe kulikuwa na kimya."

Aliketi. Uchovu wa miaka yote ulimfikia kwa pamoja. Nilimwona akizeeka mbele yangu kama nguo inavyokunjwa. Akasema anataka kuaga, ila kwa desturi inayofaa, mlangoni. Tulitafuta mlango. Nyumba haikuwa na mlango. Walikuwa wamejenga kila kitu isipokuwa pa kutokea. Basi akaketi ukingoni mwa ukuta, akawaita jirani zake kwa majina, mmoja mmoja. Hakuna aliyegeuka. Kila jina alilolitaja, Bi Mwanamkasi aliliitikia yeye: "Labeka. Nenda salama." Majina yalikuwa mengi. Bi Mwanamkasi alipoitikia la mwisho, Kombo alikuwa ameondoka.

Dada yake alikaa naye kidogo, kisha akachukua mwiko wa Kombo na kuanza kubomoa ule ukuta. Hakulia wakati ule. Nilimsaidia kwa ufito wake mpaka ufito ukavunjika.

Tulishinda Chango siku kumi na moja tukiwa na ile nta. Wapo walioinamisha kichwa wenyewe mara tu walipomwona Bi Mwanamkasi, nikaelewa kuwa walikuwa wakingoja mtu awaombe. Wapo waliotufukuza kwa matofali. Karibu theluthi ya mtaa ilinyamaza, na waliozibwa waliaga kwa makundi. Baraza lilipoona njia imeanza kupitika, lilikumbuka kwamba huo ndio uliokuwa mpango wake tangu mwanzo. Likatuma wakataji wenye misumeno. Waliikata sehemu iliyobaki ya Chango, wakaiondoa nzima, wakaunga ncha mbili za barabara kwa uzi. Kazi hiyo, lazima niseme kwa haki, waliifanya vizuri.

Mzee Pambe alifunguliwa mdomo bila kuombwa radhi. Sheria ya Chokaa haikufutwa. Iliundiwa kamati, na mwenyekiti wake anatoka Kifuani. Mahali palipokuwa Chango paliwekwa kibao chenye jina la Liwali Mwinyihatibu.

Bi Mwanamkasi hakwenda kwenye uzinduzi wa kibao. Alikuwa amehesabu waliokatwa, walioaga na waliokuwa kwenye rejista, na hesabu haikulingana. Sudi Panuka hakuwa miongoni mwa waliokatwa. Wala babu yake. Mfagiaji mmoja wa barabara alimwambia kuwa usiku wa kuamkia kukatwa aliona watu wakishuka mtoni kwa mafungu, kila mmoja na tofali moja. Mto ule huenda Ini.

Aliomba kibali cha kusafiri. Karani alikipokea kwa heshima, akasema kitatiwa saini baada ya wiki ya shukrani kwisha, kwa kuwa si vizuri kutaja ugonjwa wakati nchi inashangilia kupona.

"Wiki ya shukrani ni siku ngapi?" aliuliza.

"Inategemea furaha, Bi Mkaguzi."

Aliondoka bila kibali, nami nikafuatana naye.

Ini ni nchi kubwa, tulivu, yenye damu nyingi na watu wapole ambao kazi yao ni kusafisha uchafu wa wengine wasiulize umetoka wapi. Tulipokelewa na mzee wa makazi aitwaye Bwana Songoro. Alituletea maji, akatuuliza habari za safari, na alipojua tunatoka mitaa ya Tumboni uso wake ulichangamka.

"Basi mna ndugu zenu hapa! Wamefika juzi. Watu wachapakazi hao, sijapata kuona. Tumewapa kiwanja kando ya mto."

"Wamekuja wangapi?" aliuliza Bi Mwanamkasi.

"Walipokuja walikuwa watatu."

"Na leo?"

Bwana Songoro alitabasamu, kidogo kwa aibu, kama mtu anayemfundisha mgeni adabu za mahali. "Hapa kwetu, mama, wageni hatuwahesabu."

Bi Mwanamkasi alirudisha bilauri ya maji bila kuinywa, akajifunga kanga kiunoni, akaomba aonyeshwe njia ya mtoni.